Mfalme Aliyeutazama Uso wa Mtumishi Wake

Somo: Nehemia 1:1-11, 2:1-9

 

Katika toleo hili tunataka kusema habari za moyo. Hatusemi juu ya ule unaopimwa na daktari, bali ule unaotuamsha saa nane za usiku na kutuonyesha tena barabara tuliyoikimbia. Katika mashule yetu wako watoto wanaosinzia darasani mchana kwa sababu usiku hawakulala. Wako mafundi cherehani wanaoshona kola kinyume, wauza samaki wanaogombana na kila mteja, waendesha bodaboda wanaosahau wamebeba nani. Mara nyingi sisi kwa sisi tunapeana neno moja tu: "Jikaze." Mtoto anaambiwa jikaze, mjane anaambiwa jikaze, mwalimu naye anajiambia jikaze.

Neno hilo si baya. Kwa kujikaza wengi wetu tulifika hapa tukiwa hai. Lakini Neno la Mungu linatufundisha ya kuwa kuvumilia si sawasawa na kunyamaza. Nguvu ya kusimama tena huja pale ambapo mtu ameonekana, amesikilizwa, na ameshikwa mkono. Tuione kweli hiyo katika habari za Nehemia.

1. Mtu wa uhamishoni akiwa kazini

Nehemia alikuwa mmoja wa watu ambao baba zao walihamishwa kwa nguvu. Aliishi Shushani, katika nchi isiyokuwa yake, naye alikuwa amepata kazi ya heshima, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Ukimwona kwa nje ungesema huyu amefanikiwa, amesahau shida.

Kisha ndugu yake Hanani akafika pamoja na watu wengine kutoka Yuda, naye akawauliza habari za nyumbani. Wakamwambia ya kuwa waliosalia wako katika dhiki kubwa na aibu, ukuta wa Yerusalemu umebomolewa, na malango yake yameteketezwa kwa moto. Nehemia akaketi chini, akalia, akaomboleza siku kadhaa, akafunga na kuomba.

Wapendwa, habari ya namna hiyo tunaijua. Siku hizi haiji kwa miguu kama Hanani, inakuja kwa simu. Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari uliofuata, wangapi kati yetu walikesha wakipiga namba zisizoita? Na kulipokucha, mwalimu alikwenda kushika chaki, mama alikwenda kulima shamba la mwenyeji wa hapa kwa ujira wa siku, kijana alifungua kinyozi chake. Kazi haikusimama kungoja machozi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Nehemia. Habari ilimfikia mwezi wa Kisleu, na mfalme alimwuliza mwezi wa Nisani. Hiyo ni miezi minne! Miezi minne alibeba kikombe cha mfalme mkononi na Yerusalemu iliyoungua moyoni.

Hapa tunataka kuondoa neno moja linaloumiza watu wa Mungu. Wako wanaosema ya kuwa Mkristo mwenye huzuni nyingi amepungukiwa na imani, au ana pepo. Lakini Nehemia alikuwa mtu wa maombi mchana na usiku, na bado uso wake ulikuwa na huzuni. Bwana wetu mwenyewe, kule Gethsemane, aliwaambia rafiki zake watatu ya kuwa roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae macho pamoja naye (Mathayo 26:38). Kama Mwana wa Mungu hakuona haya kusema, sisi ni nani hata tuone haya?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza makadirio ya kuwa, miongoni mwa watu walioishi katika nchi zenye vita kwa miaka kumi iliyotangulia, yapata mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili. Hesabu basi. Katika benchi moja la kanisa wanakoketi watu watano, yaweza kuwa mmoja wao amebeba mzigo huo. Tena kwa wengi mzigo huo waweza kupungua, kama watapata watu wa kuwasaidia mapema.

2. Mfalme alitazama

Mfalme Artashasta alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi. Alitawala majimbo mengi, na divai ilikuwa mbele yake. Angeweza kutazama kikombe tu, kama kimejaa au hakikujaa. Lakini alimtazama aliyekibeba. Akaona ya kuwa mtu huyu hana ugonjwa wa mwili, bali ana huzuni ya moyo. Naye hakuwa mtu wa kabila la Nehemia, wala hakuwa wa imani yake. Ikiwa mfalme wa kigeni aliweza kuuona uso wa mtumishi wake, je, sisi tulionunuliwa kwa damu moja tutashindwa kuziona nyuso za watoto wetu?

Tuanzie shuleni. Mtoto aliyekuwa darasa la sita kule kwetu anafika hapa, na kwa sababu hajui Kiingereza anawekwa darasa la pili au la tatu. Ana miaka kumi na minne, magoti yake hayaingii chini ya dawati, na watoto wadogo wanamcheka. Darasa lina watoto mia na zaidi. Mwalimu anaona kichwa kikubwa nyuma kisichojibu swali, anadhani ni ukaidi. Lakini pengine mtoto huyu alikuwa wa kwanza darasani kwake. Vita ilimnyang'anya nyumba, na sasa anaona amenyang'anywa hata akili yake.

Watoto hawasemi huzuni kama watu wazima. Wanaisema kwa mwili na kwa mwenendo. Mtoto wa miaka tisa anaanza tena kukojoa kitandani. Mwingine anashtuka mlango ukipigwa na upepo. Mwingine tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, na kituo cha afya hawaoni ugonjwa. Mwingine hachezi. Mwingine anapigana kila siku. Ndugu mwalimu, ndugu mzazi, kabla ya kuuliza "Kwa nini hukuandika?", tazama uso kwanza.

Na fimbo? Sheria ya Watoto ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016 ili kukataza adhabu ya viboko shuleni. Lakini hata kama sheria ingekuwa kimya, tufikiri wenyewe. Mtoto aliyeona watu wakipigwa njiani, akipigwa darasani, atajifunza nini? Atajifunza ya kuwa bado hajafika mahali pa usalama. Wala hatusemi watoto waachwe bila kuonywa. Mtoto ahitaji mipaka, ratiba, na kazi ya kufanya. Kengele inayolia saa ile ile kila siku, mwalimu anayemwita kwa jina lake, mahali pake pa kuketi pasipobadilika, vitu hivi vidogo vinamwambia ya kuwa dunia haijaanguka yote. Kwa mtoto wa vita, shule yenye utaratibu na upole ni dawa.

3. Mfalme alisikiliza

Biblia inatuambia ya kuwa Nehemia alipoulizwa aliogopa sana. Kwa nini aogope? Kwa sababu mbele ya mkubwa wa kazi, uso wa huzuni waweza kumfukuzisha mtu. Jambo hili bado liko. Kijana anayefanya kazi ya kibarua anajua ya kuwa akisema "Leo sijisikii vizuri moyoni", kesho nafasi yake itapewa mwingine. Basi anaficha. Wazee wetu walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua.

Lakini mfalme hakumfukuza. Aliuliza sababu ya huzuni, akasikia jibu. Kisha akauliza Nehemia anataka nini, akasikia tena. Maswali machache, na masikio wazi. Hakumwambia, "Wewe una bahati, wenzako wako kwenye magofu." Hakumwambia, "Mimi nami nina matatizo yangu."

Hapa tunasema na wote walio na watu chini yao: wenye maduka, wenye saluni, viongozi wa vikundi vya akiba, wakuu wa shule, wenye pikipiki wanaozikodisha kwa vijana, na sisi wachungaji pia, kwa kuwa kanisa nalo ni mahali pa kazi kwa waimbaji, mashemasi na watumishi. Mfanyakazi wako akianza kuchelewa, kukosea hesabu, kunuka pombe, au kukasirika kwa neno dogo, mwite kando. Usimwulize mbele ya wateja. Mwambie, "Ndugu yangu, naona siku hizi hauko kama zamani. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu.

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba wala hawakusema neno, kwa maana waliona huzuni yake ni kuu mno (Ayubu 2:13). Hizo siku saba zilikuwa huduma njema. Matatizo yalianza walipofungua vinywa na kuanza kumhukumu.

Tena, siri ya mtu ni amana. Mama aliyekuambia yaliyompata njiani hakukupa mfano wa mahubiri. Usiyataje katika maombi ya hadhara, wala usiyapeleke kisimani. Wengi wamefunga vinywa vyao kwa sababu neno walilolisema Jumatatu lilirudi kwao Jumatano kutoka kwa jirani. Wala usimlazimishe mtu kusimulia yote. Mwingine leo atasema nusu, na nusu nyingine baada ya mwaka. Mwache aende kwa mwendo wake.

4. Mfalme aliunganisha

Angalieni jambo la tatu. Mfalme hakwenda Yerusalemu kujenga ukuta. Aliandika barua. Barua za kwenda kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, wampitishe Nehemia salama. Barua ya kwenda kwa Asafu, mtunzaji wa msitu, ampe miti. Tena akampa askari wa kumsindikiza. Yaani alimwunganisha na watu waliokuwa na kile ambacho yeye peke yake hakuwa nacho mkononi.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu waliopatwa na maafa. Mafundisho yake yamefungwa katika maneno matatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Tulifurahi kuyaona maneno hayo, maana ndiyo matendo matatu ya mfalme katika somo letu. Huduma hii yaweza kutolewa na mwalimu, na fundi, na mama wa jirani.

Lakini iko mizigo inayozidi mikono yetu. Mtu asiyelala majuma mengi, asiyekula, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mama aliyejifungua asiyeweza kumtazama mtoto wake, huyo apelekwe kwenye kituo cha afya. Mkiwa hamjui pa kuanzia, ongeeni na wahudumu wa afya wa kijiji chenu, wale wa VHT. Kwa jambo la mtoto anayeteswa au kutendewa vibaya, iko namba ya bure ya Uganda, 116, inayoitwa Sauti. Na mtu akisema anataka kufa, hata kama anasema kwa mzaha, usimcheke wala usimkemee. Mwulize kwa upole, usimwache peke yake, ondoa dawa za shamba na kamba karibu naye, na umfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Wengine watauliza, "Je, kwenda kwa daktari wa akili si kumwacha Mungu?" Hapana. Mfalme Hezekia alipokuwa mgonjwa, Bwana alisikia maombi yake, akamwongezea miaka kumi na mitano. Na bado Isaya aliagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu (Isaya 38:21). Ahadi ilitoka mbinguni, na tini zilitoka shambani. Vyote viwili ni vya Mungu yule yule. Tuombe kwa bidii, na mgonjwa ameze dawa yake.

5. Tarumbeta na chakula

Nehemia alipofika Yerusalemu akawa yeye sasa mkubwa wa kazi. Je, alikumbuka alivyotendewa? Alikumbuka. Katika sura ya nne, wachukuzi wa mizigo walichoka, nguvu zao zikapungua, na kifusi kilikuwa kingi. Nehemia hakuwaita wavivu. Aliwapanga watu kwa jamaa zao, ili mtu asisimame peke yake. Na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa nao walitengana mbali ukutani, aliweka mpiga tarumbeta karibu naye: popote watakaposikia sauti, wakimbilie hapo.

Hilo ndilo tunalolihitaji, mahali pa kukimbilia. Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika makazi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa wanawake 694, wakimbizi kutoka Sudani Kusini. Waliowekwa katika vikundi walikutana mara tano. Walisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, wakajifunza kutuliza pumzi, kurudisha mawazo kwenye kile kilicho mbele yao, na kutenda jambo dogo wanalolithamini hata siku ngumu. Waongozaji hawakuwa madaktari. Miezi mitatu baadaye, dhiki ya moyo ilikuwa imepungua zaidi kwao kuliko kwa wale ambao hawakukutana hivyo. Wakimbizi kama sisi, nchi hii hii!

Sura ya tano inatuonya ya kuwa moyo na tumbo havitengani. Watu walimlilia Nehemia juu ya njaa na madeni. Mashamba yalikuwa rehani, watoto wametiwa utumwani. Nehemia hakuwahubiria uvumilivu. Aliitisha mkutano, akawakemea matajiri, na mashamba yakarudishwa. Sisi tunajua mwaka 2023 mgao wa chakula ulivyopunguzwa kwa makundi, na mwaka 2025 jinsi familia nyingi za wakimbizi katika Uganda zilivyoondolewa kabisa katika mgao. Mwajiri anayechelewesha ujira wa kibarua miezi miwili, kisha anamwalika kwenye maombi ya kuponya moyo, amesahau sura ya tano. Mlipe kwanza. Mwanafunzi anayekuja bila kula hataponywa kwa semina peke yake. Uji wa asubuhi ni sehemu ya uponyaji.

Na katika sura ya nane, watu walipolia waliposikia Sheria ikisomwa, viongozi waliwatuliza, wakawaambia wale, wanywe, na wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Walilia pamoja, wakala pamoja.

Neno kwa walimu

Ndugu walimu, tunawakumbuka. Mnafundisha watoto waliojeruhiwa huku nanyi mna majeraha yale yale, kwa mshahara mdogo, katika lugha ambayo wengi wenu mlijifunza ukubwani. Anayechota maji kila siku bila kisima kupata mvua atafika kwenye tope. Msijione wanyonge mkihitaji kupumzika. Kutaneni hata mara moja kwa juma, nusu saa, si kwa ajili ya ripoti bali kuulizana hali. Na wazazi, mwalimu wa mtoto wako ukikutana naye sokoni, usimwulize habari za alama tu. Mwulize amelalaje.

Mambo ya kufanya mwezi huu

Kila kikundi cha nyumbani kichague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wanaojulikana kwa kutunza siri, wawe watu wa kukimbiliwa. Kila mzazi atenge muda kabla ya kulala amsikilize kila mtoto bila simu mkononi. Kila mwenye kazi amwulize mfanyakazi mmoja hali yake, kisha anyamaze na kusikia. Na kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja amwambie kweli, badala ya lile jibu letu la "Tunashukuru Mungu" tu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Nehemia aliogopa mfalme alipomwuliza? Sisi tunaogopa nini?
2. Ni nyuso gani katika kijiji chetu ambazo hakuna anayeziuliza?
3. Tarumbeta yetu iko wapi? Mtu akizidiwa usiku, anakimbilia nyumba gani?

Wapendwa, ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku hamsini na mbili (Nehemia 6:15). Kazi hiyo ilianzia kwa mkubwa mmoja aliyeinua macho kutoka kwenye kikombe akauliza, "Una nini?" Swali hilo halina gharama, na kila mmoja wetu anaweza kuliuliza kesho asubuhi, darasani, dukani au shambani.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwona Hajiri jangwani, utuone na sisi. Uwafariji watoto wetu usiku. Uwape walimu na wenye kazi macho ya kutazama, masikio ya kusikia, na mikono ya kushika. Walio mbali nasi, ambao simu zao haziiti, uwalinde. Katika jina la Yesu. Amina.